Bustani ya Paa, Faida ya Jirani



Katikati ya jiji la Chicago, Marekani, kuna jengo kubwa la ghorofa 11 lililokamilika mwaka 1911. Limegawanywa kati ya serikali mbili: upande mmoja ni halmashauri ya jiji, upande wa pili ni serikali ya kaunti ya Cook. Jengo ni moja na jua linaloliwakia ni moja. Mwaka 2001 upande wa jiji ukamaliza kupanda bustani juu ya paa lake. Ilikuwa na mimea kiasi cha 20,000 ya aina zaidi ya 150: nyasi za mbuga za asili za huko, maua, vichaka, mitambazi, hata miti miwili. Jirani zao wa kaunti wakabaki na paa lao la lami nyeusi. Agosti ya mwaka huohuo, mchana wa jua kali, watu wakapanda juu na vipimajoto. Lami ya kaunti ilikuwa na nyuzi 76 za Selsiasi. Bustani ya jiji ilikuwa kati ya 33 na 48, kutegemea ni pembe gani uliyopima.

Jiji hilo lilikuwa na sababu ya kuliogopa joto. Julai 1995 wimbi la joto lilipita Chicago na kuacha vifo 739 zaidi ya vile vya kawaida. Wengi walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kukaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari. Aliyepanga chumba cha juu Kariakoo, Dar es Salaam, anayaelewa haya bila kuchunguzwa na mtu. Mwezi wa pili, saa sita za usiku, feni inazunguka na kukurudishia joto lilelile ambalo zege limelinywa tangu asubuhi.

Basi bustani inalipozaje paa? Kwa sehemu kubwa, kwa kazi ileile inayofanywa na mtungi wa udongo pale pembeni mwa sebule. Maji yanatoka taratibu, yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Juu ya hilo kuna kivuli cha majani na unene wa udongo, vinavyolizuia jua lisilifikie zege moja kwa moja. Lakini mtungi uliokauka haupozi kitu, na mtungi wa Tanga mwezi Aprili, hewa ikiwa imeshiba unyevu, haupozi kama mtungi wa Dodoma. Wanaotusifia bustani za paa kwa takwimu za Ulaya na Marekani wanapaswa kulisema hilo pia. Huku pwani kivuli na udongo vitafanya kazi. Mvuke utafanya kidogo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo maneno matamu huanza kupungua. Bustani ile ya Chicago inatajwa kuwa iligharimu kiasi cha dola milioni mbili na nusu. Nishati iliyookolewa kwa kupunguza viyoyozi na kupasha joto wakati wa baridi ilikadiriwa kuwa ya dola kama 5,000 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: miaka 500. Mwonyeshe mfanyabiashara yeyote wa Mtaa wa Msimbazi hesabu hiyo, atakuuliza kama homa imekupanda kichwani. Ni kweli bustani ile ilikuwa ya maonyesho, na paa la kawaida lenye udongo mchache na mimea mifupi linagharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Ni kweli pia kwamba mwenye jengo anapata faida nyingine isiyoonekana: ile lami ya kuzuia maji, ikifunikwa na udongo, haipigwi na jua wala haitanuki mchana na kusinyaa usiku, kwa hiyo hudumu muda mrefu zaidi, pengine mara mbili. Lakini hata ukijumlisha yote, ukimwachia mwenye jengo peke yake apige hesabu, mara nyingi atapaka rangi tu akaendelea na maisha.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae jioni hii. Bustani ya paa ni jambo ambalo gharama yake inabaki kwa mwenye nyumba na faida yake kubwa inakwenda kwa jirani. Joto ambalo paa halikulirudisha hewani ni nafuu ya mtaa mzima. Maji ya mvua ambayo paa limeyazuia kwa saa chache ni nafuu ya mtu anayekaa bondeni, ambaye mwenye ghorofa hamjui hata kwa sura. Jambo la namna hiyo haliji kwa kusubiri mioyo mizuri. Linakuja kwa sheria, na sheria yenyewe ni lazima ijue inamtwika nani.

Lakini kabla ya sheria, turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna watu wanaozungumzia paa la udongo kana kwamba limeshuka juzi kwa ndege. Wagogo wa Dodoma walilijua siku nyingi. Tembe ni nyumba ndefu ya kuta fupi, iliyozungushwa kuufuata ua wa mifugo. Paa lake ni bapa: nguzo, magogo, fito, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Joto la mchana halipenyi upesi, na baridi ya usiku wa kipupwe inabaki nje. Majani yakiota juu wakati wa mvua, hayo ni ya Mungu, hakuna aliyeyapanda. Aina hiyo ya nyumba ilifika hadi Tabora, na kule Kwihara lipo tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872.

Tembe lilifaa pale kwa sababu Ugogo ni nchi ya mvua chache, milimita 500 au 600 kwa mwaka. Mvua ikizidi kiasi, linavuja, na mwenye nyumba anapanda juu kuongeza udongo. Akiongeza mwaka huu na mwaka ujao, magogo yanaanza kulalamika. Zanzibar, ambako mvua ni nyingi zaidi, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa na paa bapa la mawe na chokaa lililobebwa na boriti za mikoko. Boriti hazikuwa ndefu, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba. Paa lile lilihitaji kupigwa chokaa na kutazamwa kila wakati. Matunzo yalipopungua maji yakaingia, boriti zikaoza, na baadaye wengi wakaona heri waezeke mabati juu yake. Kwa hiyo adui wawili wa paa la udongo wanajulikana kwetu tangu zamani: uzito na maji.

Wazungu nao walilijua paa la udongo siku nyingi. Mjini Berlin, karne ya 19, paa za nyumba za kupangisha zilimwagiwa lami kisha mchanga na changarawe ili zisishike moto. Mbegu zikaja na upepo, zikaota, na baadhi ya majani yale yalidumu miongo mingi bila mtu kuyamwagilia. Zurich, Uswisi, mwaka 1914 walijenga mtambo wa kuchuja maji ya ziwa kwenye eneo la Wollishofen. Walitaka maji yabaki baridi, basi juu ya paa la zege wakaweka lami, changarawe, kisha udongo wa mashamba ya jirani. Udongo ulikuja na mbegu zake. Leo juu ya mtambo ule kuna mbuga ya maua, zikiwamo okidi ambazo mashambani kwenyewe zimekwishapotea kwa sababu ya mbolea na majembe ya trekta. Waliotaka maji baridi wakajikuta wamehifadhi mbuga. Kati ya mifano yote ya jambo hili duniani, huo ndio unaonivutia zaidi, labda kwa sababu hakuna aliyeupangia hotuba.

Haya, tuje kwenye uzito, na naomba tupige hesabu pamoja. Udongo wa kawaida wa bustani, ukilowa, unafika kilo 1,700 au zaidi kwa meta moja ya ujazo. Chukua chumba cha meta nne kwa tano. Ukitandaza udongo wa kina cha sentimeta 10 tu juu yake, kina ambacho hata mchicha utakikalia kwa shida, umeweka meta mbili za ujazo, yaani karibu tani tatu na nusu. Kila meta ya mraba imebeba kilo 170, na mzigo huo haushuki kama mafundi wanavyoshuka jioni. Sasa, paa ambalo halikukusudiwa watu kulikalia husanifiwa kubeba mzigo wa ziada wa kilo 60 hadi 75 hivi kwa meta ya mraba. Paa la watu kutembea na kuanika nguo, kama kilo 150. Ndiyo maana wanaoifanya kazi hii vizuri hawatumii udongo wa shambani. Wanatumia mchanganyiko mwepesi wa mawe ya volkeno yenye vitundu, matofali yaliyopondwa na mboji kidogo. Vitu hivyo si vigeni kwetu: mawe mepesi yapo Mbeya, na makumbi ya nazi yaliyosagwa yanashika maji vizuri sana.

Anayedhani nawatisha bure akumbuke Riga, Latvia. Jioni ya tarehe 21 Novemba 2013 paa la supamaketi lilianguka juu ya wateja na watu 54 wakafa. Siku hizo mafundi walikuwa juu wakitengeneza bustani. Kosa la msingi lilikuwa katika usanifu wa chuma kilicholibeba paa, lakini kosa hilo lilijitokeza wakati udongo na vifaa vilipokuwa vikirundikwa juu. Mei 2016 paa la ukumbi wa michezo katika chuo kikuu kimoja cha Hong Kong lilishuka lote. Lilikuwa limewekewa majani si muda mrefu kabla, na ukumbi ulikuwa na watu wachache, kwa hiyo waliumia watatu tu. Huko kote kuna wakaguzi na kumbukumbu za michoro. Sisi Dar es Salaam tulizika watu 36 baada ya ghorofa kuanguka katikati ya mji Machi 2013, na Novemba 2024 tukachimbua tena watu kwenye kifusi Kariakoo. Hakuna hata jengo moja kati ya hayo mawili yetu lililokuwa na bustani juu. Ninachosema ni kwamba kuna majengo mengi yamesimama leo ambayo hata mwenye nayo hawezi kukuambia nondo ngapi zimelala ndani ya nguzo. Juu ya jengo la namna hiyo usipandishe hata debe la udongo.

Adui wa pili ni maji. Paa la kijani lililojengwa vizuri lina tabaka zake: jamvi la zege lenye mteremko, lami ya kuzuia maji, kinga ya mizizi, tabaka la kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja ili udongo usiende na maji, ndipo uje udongo na mimea. Ruka moja, utajuta. Kinga ya mizizi, kwa mfano, inaonekana kama anasa hadi ndege au popo atakapoangusha mbegu ya mkuyu. Kila aliyetembelea magofu ya Kilwa ameona mzizi unavyoweza kuushika ukuta wa mawe. Na mteremko usipotosha, maji yanatuama, na mbu waenezao dengue hawahitaji bwawa kuzaliana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, ikapata tena 2019. Bustani iliyoziba njia zake za maji ni kitalu cha mbu kilichopandishwa juu, mbali na macho ya bwana afya.

Uvujaji wenyewe una tabu yake. Paa tupu likivuja, fundi anaona ufa, anaziba. Paa lenye bustani likivuja, maji yanaweza kuingia kona ya mashariki na kutokea dari ya magharibi, na ili uutafute ufa unaondoa udongo wote uliolipia kuupandisha. Wenye nyumba za siku hizi za kuficha paa nyuma ya kuta wananielewa. Wamekwishatumia fedha nyingi kuita mafundi kila masika, na hapo hawajapanda hata ua moja.

Mimea nayo ni habari nyingine. Huko Ulaya mmea unaotumika zaidi ni sedamu, mmea mfupi wa majani manene. Ujanja wake ni kufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana, ili jua lisiunyang'anye maji. Si lazima tuagize. Mkonge wa Tanga unafanya hivyohivyo, na nanasi la Kiwangwa pia. Mishubiri na mikonge-mwitu ya mawe na nyika zetu imezoea udongo mchache, kiangazi kirefu na upepo wa chumvi. Bustani za nyasi laini kama za uwanja wa mpira, zile zinazopendwa na wachoraji wa picha za matangazo ya nyumba, hizo zinataka maji kila siku. Oktoba na Novemba 2022, mto Ruvu ulipopungua, jiji zima la Dar es Salaam lilikuwa kwenye mgao, watu wakibeba ndoo. Kumwagilia paa kwa maji ya bomba wakati kama ule ni jambo ambalo siwezi kulitetea. Kwenye majengo ya ofisi kuna maji mengine yanayotupwa bure: yale yanayodondoka kwenye viyoyozi, mchana kutwa, hadi kwenye vichwa vya wapita njia. Yakusanywe hayo.

Vipi kuhusu mafuriko? Hapa wapenzi wa bustani za paa huahidi kupita kiasi. Desemba 2011 mvua kubwa iliikumba Dar es Salaam, watu kama 40 wakapoteza maisha, na familia za Jangwani na mabonde mengine zikahamishiwa Mabwepande. Tuchukue paa la meta za mraba 1,000 na mvua ya milimita 100. Hiyo ni lita laki moja. Udongo mwepesi wa sentimeta 10, ukiwa mkavu, unaweza kushika milimita kama 30, yaani lita 30,000. Si haba. Lakini masika hainyeshi siku moja. Siku ya pili udongo umekwishashiba, na karibu kila tone linaloanguka linashuka kama kawaida, ila kwa kuchelewa kidogo. Kuchelewa huko kuna maana, kwa sababu mtaro unaofurika unafurika kwa sababu maji yote yamefika saa moja. Hata hivyo msimamo wangu ni kwamba Jangwani haitaokolewa na maua ya paa za Posta, katikati ya mji. Itasaidiwa na maua, na matangi, na mabonde yaliyoachwa wazi, na mitaro isiyojazwa chupa.

Na nyumba zetu za kawaida, za bati? Hizo tuziache. Bati na kenchi zake za mbao havikujengwa kubeba udongo, na ni kumwonea mwananchi kumwambia kwamba mazingira yanamdai bustani juu ya kichwa. Mwembe au mwarobaini upande wa magharibi wa nyumba utamfaa zaidi, na bati jeupe linarudisha jua vizuri kuliko bati jekundu lililoungua. Mwenye paa la zege asiyekuwa na mtaji anaweza kulipaka rangi nyeupe kwa gharama ndogo sana, akapata sehemu kubwa ya ule ubaridi. Mbele ya chokaa, bustani ya paa inashindwa kwa bei. Inashinda kwa maji ya mvua, kwa nyuki na ndege, na kwa macho ya mgonjwa anayetazama kutoka dirisha la wodi.

Kwa hiyo nairudia sheria. Toronto, Kanada, walipitisha yao mwaka 2009. Sheria hiyo ilitaka jengo jipya lenye eneo la sakafu la meta za mraba 2,000 au zaidi lifunike sehemu ya paa kwa mimea, kuanzia asilimia 20 hadi 60 kadiri ukubwa ulivyoongezeka. Angalieni walivyolenga: jengo jipya, na jengo kubwa. Jipya kwa sababu mhandisi anaweza kuuweka uzito kwenye hesabu tangu msingi. Kubwa kwa sababu ndilo linalomwaga maji mengi kwa jirani, na mwenye nalo anao uwezo.

Kwetu ningependa sheria yenye uchaguzi zaidi, kwa kuwa masika yetu si ya Kanada. Mwenye jengo kubwa achague: bustani, au tangi la kuyashika maji ya paa lake, au vyote viwili kwa kiasi. Wazo la paa lenye wajibu tunalo wenyewe. Beda Amuli alipolisanifu soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, aliliezeka kwa miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ikaipokea mvua badala ya kuitupa barabarani. Hiyo ilikuwa nusu karne iliyopita, kabla maneno kama mabadiliko ya tabianchi hayajaingia kwenye kila warsha. Tulikuwa na mtu aliyelifikiria jambo hili, tukaendelea kujenga kama hatukumwona.

Na kwa wale wasikilizaji ambao wana ghorofa la zege, michoro yake ipo, mhandisi amekwishasema ndiyo kwa maandishi, na mikono inawawasha kupanda, nina ombi moja la kifundi. Msianze na udongo. Zibeni matundu ya kutolea maji, jazeni paa maji ya kina cha sentimeta chache, kina ambacho mhandisi huyohuyo amekikubali, myaache saa 48. Kisha shukeni chini na tochi, mkague dari chumba kwa chumba, pembe kwa pembe, hasa panapopita mabomba. Mkiona doa, lipeni fundi sasa. Msipoliona, agizeni gari la kwanza la udongo.